Salamu Zilizosubiri Mlangoni

Mpendwa shemeji,

Salamu nitazileta mwishoni. Najua barua haianzwi hivi, na mdogo wako Beatha akichungulia begani kwangu atasema nimekosa adabu. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba kazi ikiwa mezani, salamu husubiri. Nina kazi mezani. Nikishaimaliza nitasimama na kukusalimu inavyokustahili.

Tumerudi Jumapili jioni kutoka kwenye ile wikiendi yetu ya kushindilia risasi, ya kwanza bila wewe. Tulikuwa tisa: watatu wa Louisville, wanne wa Columbus, na sisi wawili wa Buffalo. Nyumba ni ile ile ya mbao kule milimani kusini ya Columbus, na bomba la jikoni bado linapiga kelele kabla ya kutoa maji. Hakuna aliyeumia. Na lile neno ambalo ulikataa kulisema kwa niaba yangu, nimelisema, mbele ya wote. Limechelewa miaka minne, na hilo ndilo linalonikalisha hapa kukuandikia wakati ninatakiwa nijiandae kwa shifti. Barua hii nitawapa na wenzetu waisome, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi.

Mara ya kwanza kukuona ukifanya kazi hii nilitaka kucheka. Tulikuja Louisville, mimi na Beatha, bado maharusi, nikatumwa gereji kukuita chakula kimeiva. Nikakukuta umejifunga kitambaa kichwani, miwani puani, mbele yako mashine ndogo ya mkono iliyokazwa kwenye meza, na bakuli la maganda ya risasi yaliyosafishwa yanang'aa. Hukugeuka. Ulishusha mkono wa mashine, ukaupandisha, ukalitazama ganda kwenye mwanga, ukaliweka upande. Nilikuita mara mbili. Ulipomaliza safu yako ndipo ukasema, "Mume wetu, ukiniita tena nikiwa hapa nitakupeleka ukaoshe vyombo." Niliviosha hata hivyo, maana ulisema mwanamume asiyejua kutundika pazia likanyooka lazima awe na kazi nyingine ya kumstahilisha chakula.

Baadaye ulinieleza. Ganda lililokwisha kupigwa si takataka. Unaliokota, unalisafisha, unalitia fataki mpya kwenye kitako, unalipimia baruti, kisha unalifunga kwa kichwa kipya, na risasi imekuwa nzima tena. Wenyeji wa huku wanaifanya jioni na siku za mapumziko, kama wengine wanavyofuma sweta. Wewe uliipata kwa mzee mmoja wa kiwandani kwenu, kwenye vipuri vya magari, ambako kazi yako ilikuwa kukagua. "Mimi niko quality," ulipenda kusema, "kitu kibovu hakinipiti." Na kweli hakikukupita.

Kanisani kulikuwa na minong'ono, usifikiri hatukuisikia. Watu waliokimbia risasi Burundi, wakalelewa kambini Kigoma kwenye mahema, leo wanakaa Amerika wanatengeneza risasi kwa mikono yao. Beatha mwenyewe alikuuliza, tena kwa ukali, mbele ya wageni. Hukukasirika. Ulisema, "Risasi iliyotutoa nyumbani sikujua imetengenezwa na nani. Hii naijua mpaka tumboni, na najua inakwenda kwa kulungu, na kulungu anakwenda kwenye sufuria yako." Nyama ya mwaka ule Beatha alikula sahani mbili, sijasahau.

Lakini mashine na mizani ni vitu ambavyo mtu yeyote mwangalifu anaweza kujifunza. Kilichonishangaza kwako ni jinsi ulivyoweza kutukutanisha. Wawindaji wetu walikuwa wametawanyika: mmoja yuko gereji kwake Louisville, mwingine Columbus, mwingine Cheektowaga, kando ya Buffalo, kwenye theluji, kila mmoja anashindilia peke yake na kukosea peke yake. Ukasema wikiendi moja kila mwaka, Oktoba, kabla ya msimu wa kuwinda, tukutane katikati. Sisi wa Buffalo tulilalamika kwamba katikati yako iko karibu na kwako kuliko kwetu. Ukatujibu tumshukuru Mungu hukuipeleka Kentucky.

Ulijua shifti za watu wote wa miji mitatu. Nani anatoka usiku Ijumaa na asiendeshe bila kulala, nani bosi wake hatoi ruhusa asipoombwa mwezi mzima kabla, nani anatunza wazee na lazima apate wa kumshikia zamu. Ulipiga simu Jumapili baada ya ibada, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ile ile, na orodha yako uliiandika nyuma ya karatasi ya kalenda iliyopita. Baruti isafiri kwenye gari moja, fataki kwenye gari jingine. Louisville walete mizani mbili, kwa sababu mizani moja inaweza kudanganya na hakuna wa kuisuta. Buffalo walete magodoro ya kupuliza na wasisahau pampu. Tuliisahau pampu. Uliiweka kwenye gari lako bila kutuambia, kwa sababu ulijua.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ilikuwa mwaka wetu wa pili, Jumamosi asubuhi. Ulinipa trei ya Papa Byamungu. Wasiomjua: ni mzee wetu wa Columbus, Mkongomani wa Bukavu, mtu wa hadithi na sombe tamu, kisamvu cha kwao. Macho yake yalikuwa hayazioni tena namba ndogo za mizani, ndiyo maana aliyatuma maganda yake kwako mapema tumshindilie, ili mchana akijaribu bunduki yake kwenye uwanja wa shabaha awe tayari. Maganda hamsini yamesimama kwenye trei, na mimi natia baruti, moja moja. Maganda yale yalikuwa na nafasi kubwa. Kipimo sahihi hakifiki hata nusu. Maana yake ni kwamba ukitia mara mbili, hutaona kitu kimefurika. Na bunduki ikipigwa na ganda lenye vipimo viwili, inaweza kupasuka usoni kwa mwenyewe.

Nikiwa katikati ya trei, mlango ukafunguliwa. Papa Byamungu huyo, anatoka karibu kuliko wote na anafika wa mwisho, kofia mkononi. Mimi nimelelewa na mama yangu, shemeji. Mzee hasalimiwi na mtu aliyekaa. Niliinuka na faneli mkononi, nikampa mikono miwili, tukaulizana habari za njia, za nyumbani, za goti la mama, za watoto, za wajukuu, za kanisa. Unajua salamu zetu. Nilirudi mezani nikiwa nimefurahi, nikaendelea pale nilipodhani nimeishia, kisha nikafunga vichwa vyote.

Uliniuliza polepole, "Ulipoinuka, uliweka alama wapi?"

Nikasema, "Nakumbuka."

Hukunibishia. Uliichukua trei, ukaifunika kwa kitambaa, ukawaambia wote, "Hii haiendi. Nimekosea mizani." Ukasema *nimekosea*. Wenzetu wakakutania, Papa Byamungu akatumia risasi za kuazima siku ile, akaguna kidogo. Wao wakaenda uwanjani. Sisi wawili tukabaki kwenye baraza ya nyuma na ile nyundo ya kung'olea vichwa, tunagonga, tunamwaga, tunapima, tunagonga tena. Mabegani nilikuwa nachoka na moyoni nilikuwa nakulaumu. Nilifikiri unaniadhibu kwa risasi hamsini nzima kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Ganda la thelathini na moja ulilimwaga kwenye mizani na namba ikapanda mara mbili. Ulilimwaga tena kwenye mizani ya pili, ikasema vile vile. Ukaniambia, bila kupandisha sauti, "Hii ingekuwa ya Papa."

Nililia, shemeji, na sioni haya kuliandika. Nilikuomba usiwaambie. Nilisema watu wa Columbus hawataniamini tena, na Papa ataniona mimi ni muuaji niliyemkumbatia mlangoni. Ulifikiri kidogo ukaniambia, "Sitasema. Lakini si kwamba nimekusamehe kwa niaba yake. Utasema mwenyewe siku utakapoweza." Kisha ukataka tumalize maganda kumi na tisa yaliyobaki, maana ukaguzi wa nusu si ukaguzi.

Kesho yake asubuhi ulitoa sheria mpya. Mtu akiwa na baruti mezani hainuki, hata akija nani. Anayefika akute mlango umefungwa, asubiri nje mpaka trei iishe na imulikwe kwa tochi, ganda moja moja, na mtu wa pili. Ndipo mlango ufunguliwe na salamu zianze. Waliuliza kwa nini. Ukasema, "Ndivyo itakavyokuwa." Hukutoa sababu, kwa sababu sababu ilikuwa mimi.

Papa Byamungu alilichukua vibaya. Mwaka uliofuata alifika saa tatu asubuhi, akakuta mlango umefungwa, akasimama kwenye baridi na sufuria ya sombe mikononi. Alipoingia alisema, "Bon, mi natembeza gari, nafika, nakuta watu wazima wananiangalia ku dirisha sawa mwizi. Donc kwenu muzee anangojaka inje?" Ulimwambia pole, ukampa kiti cha karibu na moto. Hukusema zaidi. Tangu siku ile alikuita Madamu Shefu, yaani mama bosi, na hakukupa mkono tena. Miaka mitatu alikuja, akala, akacheka na sisi wengine, na wewe akakupita. Mimi niliona kila mara. Niliona ukimpakulia wa kwanza, niliona akipokea sahani bila kukutazama, na nilitafuna chakula changu.

Mwezi wa tatu mwaka huu ulituacha. Kansa haikukupa muda mrefu, na ule uliokupa uliutumia kuwauliza watu shifti zao. Mazishini Louisville wazee walipewa nafasi ya kusema, na Papa Byamungu alisimama. Alisema, "Mama Generoza alikuwa mutu wa kazi. Kazi aliijua. Salamu njo hakujua." Watu walicheka kidogo, kwa upole, kama tunavyocheka misibani. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nilitazama viatu vyangu. Beatha aliniuliza kwenye gari kwa nini sikusema chochote kwa mtu aliyenipenda vile, nikamwambia nina mafua.

Kisha ikaja bahasha. Ulimwagiza Beatha anipe: ile tochi yako ndogo ya kiwandani, na karatasi ya kalenda yenye orodha ya mwaka huu, umeiandika mpaka mstari wa mwisho kwa mwandiko uliokuwa umeanza kutetemeka. Juu yake uliandika *Deo apange*. Hukuongeza maelezo.

Nilipanga, basi. Sikujua ni kazi kubwa namna hii. Nilipiga simu Jumapili baada ya ibada kama wewe, na watu wakaniambia shifti zao na mimi nikazichanganya. Mwenye nyumba alitaka kujua tena kama ni kweli tunaleta baruti, nikamweleza vile ulivyokuwa ukimweleza, kwamba inakaa mbali na jiko na hakuna anayevuta sigara wala kunywa pombe mpaka meza iwe tupu. Mpaka hapo nilienda. Nilipofika kwa Papa Byamungu nikakwama. Alisema, "Kama ile sheria ya kungoja inje iko bado, mi sikuje. Na bale ba Columbus hawatakuja." Wiki ile ile Melkiori, aliyekuwa akifanya kazi nawe kiwandani, alinipigia kutoka Louisville akasema tuiondoe tu hiyo sheria, ilikuwa ukali wako, marehemu ameshapumzika, na wazee waheshimiwe.

Hapo nilikaa jikoni na orodha yako mbele yangu. Nikiiondoa sheria, siku moja mtu mwingine mwenye adabu atainuka na faneli mkononi. Nikiibakiza bila kusema, kikundi ulichokijenga kinavunjika mikononi mwangu, na wewe unabaki kwenye midomo ya watu kama mwanamke asiyejua salamu. Wewe, uliyekuwa ukinipigia simu kuniuliza kama mama yangu amelala vizuri. Nilimpigia Papa tena. Nikamwambia, "Papa, njoo. Kuna neno lako, nataka kukupa mbele ya watu." Aliguna. Hakusema ndiyo, lakini alikuja Ijumaa jioni na sufuria yake, na kwa kuwa meza ilikuwa tupu tulisalimiana mpaka sombe ikapoa.

Jumamosi, baada ya sala na chai, kabla mtu hajagusa kitu, nilisimama. Nilisema yote. Trei ilikuwa ya nani, nani aliinuka, nani alidanganya kwamba anakumbuka, nani alijitwika kosa la mizani. Nilisema lile ganda la thelathini na moja. Nilisema sheria ya mlango haikutungwa kumdharau mzee, ilitungwa kwa sababu mzee alikaribia kufa kwa heshima niliyompa. Nilipomaliza hakuna aliyenitazama. Papa Byamungu aliweka kikombe chini, akachukua kofia, akatoka. Tukasikia mlango wa gari lake.

Nilijua nimempoteza. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na wewe ulikwisha kutuambia kwamba mkono unaotetemeka haugusi baruti, kwa hiyo Melkiori akakaa kwenye kiti changu na mimi nikashika tochi yako. Alitia hamsini, moja moja. Nilimulika hamsini, moja moja, nikiinama mpaka shingo ikauma, na nakuambia ukweli, hapo ndipo nilipokuelewa. Huwezi kuzitazama kwa wingi. Kila moja ina mtu wake. Zote zilikuwa sawa, nikasema kwa sauti, "Trei imekwisha." Ndipo nikaenda kufungua mlango kidogo, hewa iingie.

Papa Byamungu alikuwa amesimama pale. Kwenye gari alikuwa amekwenda kuchukua koti. Alisimama nje muda wote ule, na hakuna aliyemfungia. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, angeusukuma. Pua ilikuwa inamtiririka kwa baridi. Akaniuliza, "Trei iliisha?" Nikasema imekwisha, Papa. "Mulimulika?" Tumemulika.

Akaingia. Tuliinuka wote sasa kumpokea, tumenyoosha mikono, na yeye akatupita mmoja mmoja, kama alivyokuwa akikupita wewe. Alikwenda mpaka kwenye kiti chako karibu na dirisha, kile ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu Ijumaa. Akavua kofia, akainama, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Akasema, "Jambo yako, Mama Generoza. Mi nilikuwa inje. Nilikuwa nakungoja umalize."

Akakuuliza habari za nyumbani, shemeji. Za watoto, za goti, za njia. Zote, kwa mpangilio, hakuruka hata moja. Kisha akageuka kwangu akiwa na machozi na kusema, "Na weye Deo, donc ulitaka kunipasula uso na mi nilikuwa nakuletea sombe?" Watu wakacheka mpaka Melkiori akakimbilia nje. Mimi sikujua kama nacheka au nalia.

Hajaniambia kwamba amenisamehe na sikumwuliza. Lakini mchana alinipa bunduki yake nimbebee mpaka uwanjani, na trei iliyotoka mikononi mwetu aliipiga yote, risasi hamsini, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake nikihesabu kila mlio. Sheria ya mlango imebaki. Yeye ndiye aliyetaka iandikwe na kubandikwa, na chini yake jina lako. Mwaka ujao amesema atafika mapema ili awe na muda wa kungoja.

Ulinijua mimi kuliko nilivyojijua. Uliniachia nafasi ya kuwa mtu mzima na ukalipia nafasi hiyo kwa jina lako zuri, miaka mitatu, mezani, huku ukimpakulia mzee chakula. Sijamwona mtu mwingine wa namna hiyo. Ninachojuta ni kwamba ulikaguliwa na watu wengi vibaya na mimi niliyekuwa na tochi sikuiwasha.

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Nimeyasoma tena kutoka juu mpaka chini, Beatha naye ameyasoma kama mtu wa pili, amelia na amesema hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Nimeiweka kalamu. Nimesukuma kiti nyuma na nimesimama hapa jikoni Cheektowaga, mikono yangu yote miwili ni mitupu.

Shikamoo, shemeji.

Ni mimi,
Mume wenu wa Buffalo, Deo